Zamu ya Mwenya

Mtu akikuambia kwamba kutengeneza michezo ni kazi ya kucheza, mwambie aje asimame na mimi mbele ya foleni tangu asubuhi mpaka jua kuzama, kisha ayarudie maneno yake. Michezo yangu haina vifungo wala rimoti. Kamera iko juu ya skrini, inauona mwili wako wote, na ukiinama, umbo lako linainama mle ndani pamoja nawe. Tunaitengeneza kwa ajili ya makampuni yanayoweka mabanda kwenye maonyesho. Watu wanaipenda kuliko karanga za bure, wanajazana, na wakishajazana, mwenye banda anakuja kuniuliza mimi kwa nini wanasubiri.

Mwaka huu banda lilikuwa la kampuni moja inayokodisha mitambo ya migodini, hapa hapa Lubumbashi, mwezi wa sita, wakati wa ile baridi ya asubuhi inayopasua midomo. Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Mawe ya kijani yanashuka kwenye mkanda. Unainama, unaokota, unageuka, unatupa kwenye behewa lililo nyuma yako. Basi. Mtoto wa shule anaweza. Mkurugenzi naye anaweza, ila yeye lazima kwanza avue koti, atafute pa kulitundika, atafute na mtu wa kumpiga picha.

Tuliutengeneza wawili. Mimi Mounira, binti wa fundi cherehani, watu wetu walitoka Maniema zamani. Na mwenzangu Mwenya, Mubemba, mtoto wa mfanyakazi wa tanuru la shaba. Karakana yetu iko Katuba, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Katuba nzima ilikuwa imeshatuoza, sisi wenyewe tukiwa hatuna habari. Kazi yetu ilikuwa kugombana. Yeye alitaka mchezo uwe mzuri, mimi nilitaka uishe upesi mwingine aingie. Aliniambia nina roho ya kondakta. Nikamwambia na yeye ana roho ya mpishi wa harusi, chakula kinachelewa halafu anataka asifiwe.

Majuma machache kabla ya maonyesho Mwenya aliangukia meza, kompyuta ikiwa imewaka mbele yake. Malaria ilikuwa imempanda kichwani na sisi tulikuwa tunasema ni uchovu. Hospitali ilimpokea, ikahangaika naye, ikaturudishia mwili. Nilikaa matanga pamoja na mama yake na mdogo wake Gracia. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Halafu nikarudi karakana peke yangu kumalizia kazi, maana tarehe ya maonyesho ilikuwa haijasogea hata kidogo.

Sasa nieleze habari ya kivuli. Mchezo wa namna hii unahitaji mtu wa kuonyesha, ili mchezaji ajue afanye nini bila kusomewa maelezo. Mwenya ndiye aliyesimama mbele ya kamera, akajirekodi. Mashine ikaondoa sura na nguo, ikabakiza umbo jeupe tupu, ndilo tulilokuwa tunaliita kivuli. Halikuwa na macho wala pua. Lakini aliyemjua Mwenya angemtambua akiwa upande wa pili wa barabara. Aliokota kwa mkono wa kushoto, na kabla ya kutupa bega lake lilishtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa na maji ya baridi. Na mwishoni aliweka utani wake: alikaa juu ya jiwe, akapangusa jasho, akakuita kwa kiganja, njoo basi, mimi nimechoka. Watu walicheka kila mara.

Ningeweza kumrekodi mtu mwingine. Muda ulikuwapo. Sikutaka. Nilipowasha mashine asubuhi yeye ndiye aliyetokea wa kwanza, nilipoizima yeye ndiye aliyeondoka wa mwisho, na kitu kingine cha Mwenya kinachotembea sikuwa nacho.

Siku ya kwanza foleni ilitoka bandani, ikapita mbele ya majirani zetu wanaouza pampu, ikakunja kona. Ukiitazama kwa mbali ungedhani ni sherehe. Mimi niliyekuwa karibu niliona watu wakitazama simu, wakisonya, wakienda zao. Gracia, mdogo wake Mwenya, alikuwa akiwapokea wageni mlangoni kwa sare ya kampuni. Kazi hiyo kaka yake ndiye aliyekuwa amemtafutia. Aliwaomba radhi mpaka tabasamu likamchosha mashavu.

Mchana mama yao alimletea chakula. Sisi tunamwita Mama Mwenya, kama ilivyo kawaida kwetu kumwita mzazi kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi cha msiba. Alimpa Gracia bakuli lake, akageuka kuondoka, na macho yake yakagonga skrini. Sikuwa nimemwambia. Alisimama pale, bakuli la pili mkononi, akamwona mwanawe anainama, anaokota, anageuka, anatupa. Mwenya alipokaa juu ya jiwe na kupangusa jasho, mama yake akatabasamu. Akaangalia mara nyingi, kila mara akitabasamu pale pale, halafu akaenda bila kunisemesha. Nikamshukuru Mungu, nikadhani yamekwisha.

Jioni, watu walipokuwa wanafunga mabanda, Clovis alinijia. Ndiye mkuu wa matangazo wa ile kampuni, mtu wa viatu vinavyong'aa hata kwenye vumbi letu jekundu, sijui anavipangusa saa ngapi.

"Madame Mounira, munaona ile file?" akasema, akinionyesha pale foleni ilipokuwa. "Bantu banafika, banaangalia, banachoka, banaenda ku stand ya bengine. Miye silombe muchezo muzuri. Nalomba bantu bengi bacheze. Muntu akicheza, anarudi ku nyumba na jina yetu mu kichwa."

"Nitatengeneza, Monsieur Clovis."

"Na ule bonhomme mweupe, ule anaonesha. Mumutoshe. Anakula wakati."

"Ule hatoke," nikasema. "Mingine yote nitakata. Ule hapana."

Alinitazama kwa mshangao, maana hakujua ni nani. Alijua tu kwamba mwenzangu alifariki. Akainua mabega. "Bon. Kama file inatembea, mubaki naye."

Kwa hiyo nikaanza kukata. Asiyejua anadhani foleni ni ndefu kwa sababu mchezo ni mrefu. Mara nyingi siyo. Muda unapotelea katikati, kati ya anayetoka na anayeingia. Huyu anavua mkoba, anatafuta wa kumshikia. Yule amemaliza lakini hatoki, anataka kuona alama za rafiki yake. Akigeuka anakutana na shemeji yake kwenye foleni, na huku kwetu shemeji humpiti kwa kutikisa kichwa, lazima uulize habari ya nyumba nzima mpaka kuku. Basi nikapigilia ndoano za mikoba pale pa kuingilia. Nikafungua njia ya kutokea upande wa nyuma, shemeji wasionane. Nikachora duara mbili nyekundu sakafuni ili wacheze wawili kwa pamoja, na nikaondoa ule ukurasa wa kuandika jina, ambao wazee walikuwa wanauandika kama wanasaini hati ya ndoa.

Kilichobaki kikawa kivuli. Mpaka hapo kila mchezaji alikuwa anamsubiri Mwenya amalize kuonyesha, akae, apanguse jasho, aite. Nikawaza: anayesubiri ajifunze huku anasubiri. Nikachukua skrini nyembamba ya akiba, nikaisimamisha pembeni ikitazama foleni, nikamhamishia Mwenya humo. Awe anainama, anaokota, anageuka, anatupa, na kuanza tena bila kukoma, ili kila atakayefika mbele awe ameshajua. Ule utani wa kukaa nikauondoa. Kwenye mzunguko usiokoma kukaa kunaleta pengo, watu wanadhani mashine imekwama. Nilifurahi. Nilikuwa nimembakiza, na foleni ingetembea.

Na ilitembea. Siku ya pili watu walifika mbele wakiwa wameshajua la kufanya, wakiwa foleni wameshaanza kuinama na kugeuka kama wanakwaya. Waliingia wawili wawili, wakatoka nyuma, wakaingia wengine. Clovis alipita akanionyesha dole gumba. Hata wauza pampu walikuja kucheza. Kama Mwenya angekuwepo ningemtambia mpaka jioni.

Mama Mwenya alikuja mapema kuliko jana, bila bakuli. Aliingia kwenye foleni kama watu wote. Lakini alipokaribia mbele akawa anawapisha wa nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, yeye akibaki pale pale mbele ya skrini ya pembeni. Watu wakaanza kumgonga kwa viwiko. Gracia alijaribu kumshika mkono, akautoa. Clovis akanijia mbio.

"Uyu mama anafunga file. Ni wa nani?"

"Ni wangu," nikajibu, nikaenda.

Nilipofika hakuniamkia. Macho yalikuwa kwenye skrini.

"Mounira, mutoto wangu, sikuye kukugombeza," akasema polepole. "Nakuuliza tu. Yana alikuwa anaikala. Juu ya nini leo haikale tena?"

Sikuwa nimejiandaa kuulizwa habari ya kukaa. Nilimjibu kama ninavyowajibu wateja.

"Ni juu ya file, mama. Bantu ni bengi, banangoja."

"Bantu banangoja, njo yeye banamukataza kuikala?"

"Mama, uyu haiko Mwenya. Ni picha. Ni mashine inatengeneza."

"Picha yake iko ku nyumba, ku ukuta," akasema. "Ile inatulia. Uyu anatumika."

Mwanamume mmoja kwenye foleni alisikia kwamba huyu anafanya kazi. Akamtazama mama, akatazama kile kitambaa cheusi, akatazama kivuli. Akamnong'oneza mkewe, na wote wawili wakatoka kwenye foleni. Nilijua wanasema nini. Huku kwetu kuna maneno yanayosemwa kwa sauti ya chini: kwamba wako watu wanaomuua mwenzao ili wamtumikishe baada ya kufa, shambani au mgodini, bila kulala na bila mshahara. Mimi maneno hayo yananikasirisha. Nimesoma, nina dini yangu, kwetu maiti anazikwa siku ile ile, anaombewa dua, anaachwa na Mola wake. Nilifungua mdomo nimfuate yule bwana nimpe lake. Halafu nikageuka nikamwona Mwenya. Anainama, anaokota, anageuka, bega linashtuka, anatupa. Anainama. Na nyuma yake hakukuwa na jiwe la kukalia, kwa sababu nililiondoa mimi.

Nilimpeleka mama nyuma ya banda, penye makasha matupu, nikamkalisha juu ya moja. Gracia akatufuata. Kwa kweli nilitaka kulia, na nilipotaka kulia nikakasirika, ndivyo nilivyo.

"Mama, kama unataka, namutosha sasa hivi. Naenda kumufuta, inakwisha."

Akatikisa kichwa. "Baba yake alitumika pa fourneau. Unajua fourneau? Moto haulale. Muntu hatoke pa poste mbele mwenzake afike. Siku moja mwenzake hakufika. Baba ya Mwenya akabakia, akafanya poste mbili, akarudi asubuhi miguu imevimba. Nikamuuliza, juu ya nini haukutoka? Akanijibu: natoka namna gani, relève haiko?"

Mtu yeyote aliyelelewa karibu na kiwanda hapa Katanga anajua neno hilo. Relève ni yule anayekuja kukupokea poste, yaani zamu. Mpaka umwone kwa macho, uko kazini, hata king'ora kiwe kimelia, hata mkeo awe anajifungua.

"Mwenya alianguka pa kazi yake," mama akaendelea. "Mashine ilikuwa inawaka. Nani alikuya kumupokea? Hakuna. Njo namuona pale. Ukimufuta bule, poste inabakia wazi. Atarudi kuiangalia. Namujua, iko kama baba yake."

Gracia alikuwa ameshaanza kulia. "Yaya Mounira, nilimutambua toka siku ya kwanza," akaniambia. "Nilinyamaza ju na miye nilitaka kumuona." Kisha akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, miye nitaingia. Nitamupokea miye."

"Hapana. Mutoto mumoja anatosha."

"Basi miye," nikasema. "Ni kazi yangu. Tulikuwa naye pamoja."

Mama Mwenya akanishika kidevu kama ananikagua. "Weye uko na mama yako. Siku moja apite apa, akuone mule ndani haupumzike, utamwambia nini?" Aliniachia. "Kesho asubuhi nitakuya. Mbele bantu hawayaingia."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kumwambia mama, haya ni ya kizamani, kamera haimshiki mtu. Nilikuwa nayo maneno hayo yote. Lakini kila nilipotaka kuyasema nilimwona anauliza tena kwa nini leo hakai, na sikuwa na jibu la kumpa ila foleni. Jioni ile sikuizima mashine kwa kumtazama. Niliizima nimegeuka nyuma.

Asubuhi ukumbi ulikuwa wa baridi na mtupu, wafagiaji tu na mafagio yao. Mama Mwenya alifika na Gracia. Alikuwa amevua kitambaa cheusi, amefunga kitenge cha kazi kwa kukikaza kiunoni, kama anayekwenda shambani. Alikwenda moja kwa moja mbele ya skrini ya pembeni. Akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, viganja vimepindwa, jinsi Wabemba wanavyomsalimu mtu wa kuheshimiwa. Sijawahi kuona mzazi akimpigia mtoto wake makofi hayo.

"Mwenya," akasema. "Relève imefika. Toka, mwana wangu. Enda upumzike."

Akasimama kwa kujishika goti, akaingia kwenye duara nyekundu.

Nikawasha kamera. Nikamwelekeza, ingawa hakuhitaji kuelekezwa. Alikuwa amemtazama mwanawe siku mbili. Aliinama. Akaokota hewa, akageuka, akatupa. Alikuwa mzito, kiuno kilimkatalia katikati, lakini mwendo wake ulikuwa wazi, kila kitu kilionekana. Mara ya tatu alipoinuka aliweka mkono kiunoni, na mimi sikuvumilia.

"Mama, kisha uikale kidogo. Nitaiacha ile ndani. Utakuwa unapumzika."

Akanitazama akiwa bado ndani ya duara.

"Na file?" akaniuliza.

Hakuwa ananisuta. Aliuliza kama mfanyakazi mpya anavyouliza sheria za mahali pa kazi, ili asikosee. Yeye akajijibu mwenyewe, akainama tena, akaokota, akatupa, mpaka nilipomwambia imetosha.

Kisha alitaka nimfute Mwenya yeye akiwa amesimama pale. Nikampandisha kwenye skrini mara ya mwisho, wote watatu tukamwona. Gracia alijifunika mdomo. Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, ikatuonyesha sura zetu wenyewe.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, mama."

Akapumua kwa nguvu, pumzi ndefu iliyotoka chini kabisa, na mabega yake yakashuka. Nilikuwa na nakala nyingine kwenye mkoba wangu, ndani ya diski ndogo, pamoja na ule utani wa kukaa. Yeye hakuuliza habari ya nakala. Hakujua kama vitu hivyo vina nakala. Alipokuwa anaelekea mlangoni niliichomeka kwenye mashine, nikaishika kwa muda nikiwaza kwamba hakuna atakayejua. Lakini mimi ningejua, na kila mara nikimwasha Mwenya jioni karakanani ningekuwa namwita kazini. Nikaifuta na hiyo. Nimelia matanga mengi, sijawahi kulia kama nilivyolia pale nyuma ya skrini, huku wafagiaji wakijifanya hawanioni.

Milango ilipofunguliwa ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi shule zinaleta watoto. Waliingia kama siafu. Nyuma yao wazazi, nyuma ya wazazi wauzaji, wanajeshi wa zamu wakipokezana kucheza, masista wawili walioshinda vijana wote. Na pembeni Mama Mwenya alikuwa anainama, anaokota, anageuka, anatupa. Umbo jeupe, lenye nyonga pana na fundo la kitenge kiunoni. Watoto walimfuata vizuri kuliko walivyomfuata Mwenya. Hakuwa na bega la kushtuka, hakutumia mkono wa kushoto, hakuwa na haraka. Hakuna aliyekosea. Foleni haikusimama hata kidogo, na kwa kuwa haikusimama, watu waliokuwa wakiogopa kusubiri nao wakaja.

Clovis alikuja na wakubwa wake wawili, akawaonyesha kama kwamba yeye ndiye aliyepigilia zile ndoano.

"Madame Mounira, uyu wa sasa anaonesha muzuri kupita wa kwanza," akasema. "Munaona? Bantu banamufwata. Musimuguse tena. Mwezi wa nane tuko na Kolwezi, kisha Kinshasa. Tutaenda naye fasi zote."

"Uyu ni wa apa tu," nikasema. "Wa Kolwezi nitatengeneza mwingine."

"Juu ya nini? Muchezo ni yetu, mulisaini. Iko bien kama iko." Akanipiga begani kwa upole, maana Clovis si mtu mbaya. "Mumetumika sana, madame. Mupumzike kidogo."

Nilisimama pale nikihesabu kichwani namna ya kuiharibu mashine ionekane imeharibika yenyewe. Ni rahisi, ningevuta waya mmoja. Lakini poste ingebaki wazi, na najua nani angekuja kesho asubuhi, amefunga kitenge, kuuliza kwa nini ameachishwa kazi na nani amerudishwa. Kwa hiyo sikuvuta waya. Nikaendelea kuwapanga watu wawili wawili.

Jua lilikuwa bado halijazama vizuri mimi na Gracia tulipofika Katuba. Yeye alikuwa amevua viatu vya sare, amevishika mkononi, anatembea na kandambili.

Mama Mwenya alikuwa uani, kwenye kiti cha chini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Alipotuona uso wake ulifunguka, na ndipo nilipogundua kwamba tangu matanga sikuwa nimeuona ukiwa hivyo. Alikuwa na alama ya mkeka shavuni.

"Nililala muchana," akatuambia, kama anatuletea habari ya ajabu. "Usingizi ya kweli. Sikumuona. Toka tumuzike kila siku namuona, iko mwima, hasemi. Leo hapana. Amefika ku nyumba yake."

"Afazali, mama," Gracia akasema, akaingia ndani haraka.

Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye. Alikuwa anaukanda mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kuanzia begani kushuka mpaka kiganjani, kisha anabadilisha. Alifanya hivyo bila kuangalia.

"Bantu balikuwa bengi?" akaniuliza.

Kazi yangu yote ni kuhakikisha wanakuwa wengi. Nilimwona Clovis na wakubwa wake, nikaiona foleni inavyokunja kona, watoto wanavyoinama kwa pamoja mbele yake.

"Hapana, mama," nikasema. "Leo balikuwa kidogo sana."

Akaacha kukanda. Akaigeuza mikono yake juu ya magoti, akaitazama viganja, akaitazama mgongo.

"Kidogo?" akasema. "Sasa juu ya nini inaniuma hivi?"